Wapishi wa Chuma wa Japani: kipi kilikuwa igizo, kipi kilikuwa upishi

Kuna kipande cha video ambacho hakichoki kuzunguka kwenye simu za watu. Bwana mmoja wa Kijapani, joho lake likimeremeta, ananyanyua pilipili hoho ya manjano, anaing'ata mbichi, kisha anatabasamu kana kwamba dunia yote ni yake. Kila kinapopita, maswali ni yale yale. Yule ni nani, na ni tajiri kweli? Wapishi walijua mapema watapika nini? Majaji walikuwa wamepangwa? Na si alikufa yule, kwa kula samaki wa sumu? Wengine wanajibu kwamba yote ni maigizo, wengine wanaapa kwamba yote ni kweli, na ubishi unaishia pale pale ulipoanzia.

Kipande hicho kimetoka katika kipindi cha televisheni cha mashindano ya upishi. Mimi ni shabiki wa kipindi kile kwa moyo wangu wote, na naona wabishi wa pande zote mbili wanakwama mahali pamoja: wanatafuta jibu moja kwa jambo lenye tabaka mbili. Hadithi iliyokizunguka kipindi ilitungwa. Chakula hakikutungwa. Ukishajua mpaka uko wapi, maswali mengi yanajijibu.

Tuanze na majina. Kipindi chenyewe kinaitwa Ryori no Tetsujin. Kilirushwa na Fuji Television ya Japani kuanzia Oktoba 1993 hadi Septemba 1999, kisha vikafuata vipindi maalumu vichache hadi 2002. Nje ya Japani kinajulikana kwa jina la Iron Chef, hasa tangu kituo cha Marekani cha Food Network kilipoanza kukionyesha mwaka 1999 kikiwa kimetiwa sauti za Kiingereza. Baadaye Wamarekani wakatengeneza chao, Iron Chef America, na mwaka 2022 Netflix ikaja na kingine. Mengi wanayoyaona vijana wa leo ni hayo ya baadaye. Hapa nakizungumzia kile cha Kijapani, kilichovizaa vingine vyote.

Mpishi wa Chuma ni mpishi wa kudumu wa kipindi, mtetezi wa aina moja ya mapishi: ya Kijapani, ya Kichina, ya Kifaransa, na baadaye ya Kiitaliano. Mpinzani ni mpishi mwingine aliyeiva katika kazi, mara nyingi mwenye mgahawa wake, anayekuja kumkabili mmoja wao. Uwanja wa Jikoni ndio ukumbi wa pambano. Mwenyekiti ndiye anayefungua pazia na kutangaza kiungo kikuu, yaani kile kitu kimoja ambacho ni lazima kiwemo katika kila sahani itakayopikwa ndani ya dakika 60. Hakuna anayetolewa wiki hadi wiki, wala hapaji watu wa kujifunza. Kila kipindi ni pambano moja, linaanza na kuisha.

Uzito wa hicho kiungo kikuu ndio ambao wengi hawauoni. Mchukue mpishi wa shughuli, yule ambaye mtaa mzima humwita kukiwa na harusi, umwambie: leo ni nazi. Una wasaidizi wawili na saa moja. Wali wa nazi haumpi shida, na mchuzi wa pweza ataupika huku anazungumza. Haya, cha tatu? Cha nne? Na katika kila sahani nazi iwe ndiyo inayosikika mdomoni, isijifiche nyuma ya ndimu na pilipili. Hapo ndipo anapoanza kuyatazama machicha kwa jicho jingine, kufikiria dafu, kufikiria kashata, na mwishowe kufikiria kitu ambacho hajapata kukipika maishani, huku upande wa pili mwenzake ana nazi zile zile na saa ile ile.

Sasa tuje kwenye igizo. Hadithi ya kipindi inasema palikuwa na tajiri mpenda chakula, akageuza sehemu ya kasri lake kuwa uwanja wa kupikia, akawakusanya wapishi hodari na kuwashindanisha na yeyote atakayethubutu. Hakukuwa na kasri. Palikuwa na studio. Na Mwenyekiti, yule bwana wa pilipili hoho, ni Takeshi Kaga, mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1950 na kujipatia jina Japani kwa michezo ya jukwaani ya muziki. Mavazi yale, glavu, mashairi anayoyatamka, moshi unaofuka viungo vinapoinuka, Wapishi wa Chuma wanaopanda kutoka chini wakiwa wamesimama wima wasipepese jicho, ile amri ya Kifaransa ya kuanza kupika: yote ni kazi ya watunzi na mwigizaji anayeijua kazi yake. Kaga aliifanya bila kucheka hata mara moja, na ndiyo sababu hadi leo kuna watu wanauliza utajiri wake ulitoka wapi.

Tafsiri iliongeza ukungu. Katika toleo la Marekani watangazaji na waonjaji walitiwa sauti za Kiingereza, lakini Mwenyekiti aliachwa aseme Kijapani chake, maneno yakipita chini ya picha. Watazamaji wengi wa huko wakakipokea kama kichekesho: sauti zisizolingana na midomo, mwanamke anayecheka kila akionja kijiko, bwana wa joho. Ni kweli kinachekesha, na Wajapani wenyewe walicheka. Ila ukiishia kwenye kicheko umewakosa watu wawili walioko nyuma ya jiko, ambao hawachezi hata kidogo.

Tabaka la pili linaanza saa inapoanza kuhesabu. Mtangazaji Kenji Fukui anaeleza kila tukio kwa mtindo wa kutangaza mechi. Kando yake amekaa Yukio Hattori, mkuu wa chuo cha lishe na upishi chenye jina la familia yake, anayemweleza mtazamaji kwa nini samaki yule amechomwa upande wa ngozi kwanza, au ute ule wa mwani una kazi gani. Chini uwanjani Shinichiro Ohta anakimbia toka jiko hili hadi lile, anachungulia sufuria, anamuuliza msaidizi, kisha anapaza sauti: "Fukui-san!" Fukui anamruhusu, na tunapata habari kwamba mpinzani amebadili mawazo kuhusu sahani ya tatu. Watu hawa watatu ndio waliofanya upishi ufuatilike hata na asiyejua kukaanga yai. Hattori alifariki mwaka 2024, na kwangu yeye ni nusu ya kipindi. Alikuwa na subira ya mwalimu, na hakuwahi kumfanya mtazamaji ajione mjinga.

Je, wapishi walijua kiungo mapema? Jibu fupi ni: kwa sehemu. Walipewa orodha fupi ya vitu vinavyoweza kutokea, na siku ya pambano ndipo kimoja kilipofunuliwa. Wanaosikia hivyo kwa mara ya kwanza huvunjika moyo, wakasema basi ni udanganyifu. Wafikirie upande wa sokoni. Mpishi anahitaji siagi yake, mboga zake, mifupa ya supu yake, na mwenzake anahitaji vingine kabisa. Vyote lazima vinunuliwe vikiwa vibichi kabla ya siku hiyo. Bila fununu yoyote, nani angejua anunue nini? Tena hebu mrudie mpishi wetu wa shughuli. Mwambie siku chache kabla kwamba itakuwa nazi, au ngisi, au muhogo, au kunde, au ndizi mbichi. Atalala usiku na mipango mitano kichwani, na saa ikianza, minne kati yake haina kazi. Bado atapika kwa saa moja ile ile, bado chombo kitaungua, bado ulimi wa mwonjaji hauna huruma. Orodha iliondoa kubahatisha. Ugumu ulibaki.

Na gharama haikuwa ya kuigiza. Hadi kipindi kinaisha, chakula kilichonunuliwa kilikuwa kimemeza zaidi ya yen milioni 840. Maini ya bata ya Kifaransa, uyoga wa matsutake, kamba wakubwa wa Ise, mapezi ya papa, vyote vilipita pale kama vitu vya kawaida, wakati ambapo uchumi wa Japani ulikuwa umeanguka baada ya miaka ya neema. Mapezi ya papa leo yananikera kuyatazama. Kinachonikera zaidi ni jinsi wapinzani wanawake walivyokuwa wachache, na maneno ambayo baadhi ya waonjaji waliyasema juu yao. Nakipenda kipindi hiki, na hayo siwezi kuyafumbia macho.

Kuhusu majaji, kila mwonjaji alikuwa na alama 20 za kutoa, akitazama ladha, mwonekano wa sahani na ubunifu. Mwanzoni walikuwa watatu, baadaye wakaongezwa. Wengine walikuwa wajuzi kwelikweli, kama Asako Kishi, mwandishi wa mambo ya chakula ambaye wapishi walimwogopa kuliko Mwenyekiti. Wengine walikuwa waigizaji, waandishi wa riwaya, hata wabunge. Alama zikilingana, mara nyingi wapishi walirudishwa jikoni kwa dakika 30 na kiungo kipya. Lawama kwamba walioonja walikuwa watu wa kawaida tu ina ukweli ndani yake, lakini sioni kosa hapo. Migahawa nayo hulisha watu wa kawaida. Lawama kwamba Mpishi wa Chuma alipangiwa kushinda ndiyo isiyosimama. Chen Kenichi, Mpishi wa Chuma wa mapishi ya Kichina, alipambana zaidi ya mara 90 na akashindwa mara 22. Nani hupanga ushindi halafu akamwangusha mtu wake mara 22 mbele ya nchi nzima?

Huyo Chen ndiye ambaye mashabiki wengi humpenda kwanza, na si ajabu. Baba yake, Chen Kenmin, alitoka mkoa wa Sichuan nchini China akafika Japani mwaka 1952, akafungua mgahawa Tokyo na kuwazoesha Wajapani ladha za kwao, akizipunguza makali ili koo zao zizipokee. Tofu yenye nyama ya kusaga na pilipili, ambayo leo inapikwa katika nyumba za Japani bila mtu kukumbuka ni ya kigeni, ilienea kwa mkono wake. Mwana alirithi mgahawa, na mzigo wa jina. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa mwanzo, na ndiye pekee aliyebaki hadi mwisho, miaka sita. Mtazame akikata: ni kile kisu kipana cha Kichina kwa kila kitu, kitunguu, mfupa, mapambo. Akishindwa, uso wote unaonyesha. Akishinda, anacheka kama mtoto. Alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 67, na mashabiki wa kila pembe walimlilia kama ndugu.

Rokusaburo Michiba, Mpishi wa Chuma wa mapishi ya Kijapani, ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1931, kwa hiyo alipoanza kipindi alikuwa ameshavuka miaka 60, na wapinzani wengine wangeweza kuwa wanawe. Kiungo kinatangazwa, mpinzani anakimbia kuchagua samaki, msaidizi wake anawasha moto, na Michiba? Michiba anachukua brashi na wino, anatandaza karatasi, anaandika orodha ya vyakula atakavyopika, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wa kupendeza. Dakika zinakwenda. Fukui anahangaika kwenye kipaza sauti. Kisha mzee anaweka brashi chini, anajifunga, anaanza na mchuzi wake mwepesi wa mwani na vipande vya jodari mkavu, ambao hauchemshwi hovyo, na kuanzia hapo hapotezi hatua hata moja. Zile dakika za wino hazikupotea. Alikuwa anapika kichwani, na mikono ilikuja kutekeleza tu. Nikiulizwa nimwonyeshe mtu kitu kimoja cha kuthibitisha kwamba ujuzi ule haukuwa igizo, namwonyesha hicho.

Michiba alikuwa na maadui, na hapa igizo na ukweli vinagusana. Aliingiza maini ya bata na viungo vya ughaibuni katika mapishi ya Kijapani, na wahafidhina hawakupenda. Toshiro Kandagawa, mpishi mashuhuri wa Osaka, alikuja mwenyewe na pia kuwaleta wanafunzi wake kuja kuitetea mila. Kipindi kiliukuza ugomvi huo kwa muziki na maneno makali, lakini swali lenyewe ni la kweli na halijaisha hata sasa: mapishi ya Kijapani yanaishia wapi, na nani ana haki ya kuyasogeza mpaka?

Upande wa Kifaransa ulianza na Yutaka Ishinabe, aliyekaa kwa muda mfupi, kisha mwaka 1994 akaingia Hiroyuki Sakai, mzaliwa wa Kagoshima, mwenye mgahawa wa La Rochelle jijini Tokyo. Sahani zake zilikuwa picha: mchuzi wa Kifaransa, mpangilio wa Kijapani, nafasi tupu ikiachwa ili jicho lipumzike. Alishinda takriban mara nane katika kila kumi. Koumei Nakamura alipokea kiti cha Michiba mwaka 1996, na Masahiko Kobe akaleta tambi na mafuta ya zeituni mwaka 1997.

Wa mwisho kuingia, mwaka 1998, ni Masaharu Morimoto. Alizaliwa Hiroshima mwaka 1955, akiwa kijana alitaka kucheza besiboli, bega likamkatili, akaingia kwenye sushi. Mwaka 1985 akahamia Marekani, na alipoitwa kipindini alikuwa mpishi katika mgahawa wa Nobu jijini New York. Wahafidhina walimwona Mjapani aliyeharibiwa na ughaibuni. Pambano lake la mwaka 2000 New York, dhidi ya mpishi wa Kimarekani Bobby Flay, ndilo linalobishaniwa kuliko yote. Kiungo kilikuwa kaa. Ukumbi umejaa, watu wanapiga kelele. Flay alijikata kidole, akapigwa na shoti ya umeme jikoni, na dakika zilipoisha akapanda juu ya meza, akasimama na viatu juu ya kibao chake cha kukatia, akainua mikono kuwasalimu mashabiki.

Morimoto alikasirika waziwazi, akasema mtu yule si mpishi. Wamarekani wengi walimwona anaringa. Lakini kwa mpishi aliyelelewa katika kazi ya sushi, kibao na kisu ndivyo vinavyogusa chakula cha mgeni. Vinaoshwa, vinafutwa, vinatunzwa, na kijana anayejifunza anaweza kukaa muda mrefu akivisafisha kabla ya kuruhusiwa kukata chochote. Kuvikanyaga ni kumkanyaga anayekuja kula. Morimoto alishinda siku hiyo. Waliporudiana Japani mwaka 2001, kwa kamba wa Ise, Flay ndiye aliyeshinda, akapanda tena mezani, safari hii akikiondoa kibao kwanza. Hakuna mtunzi aliyeandika hasira ile.

Tumalizie lile la kifo. Watu wa pwani wanamjua bunju, yule samaki anayejijaza tumbo akishikwa, na mvuvi humrudisha baharini kwa sababu ini na mayai yake yana sumu inayoua. Japani huliwa kwa gharama kubwa, na anayemtayarisha lazima awe na leseni. Katika kipindi maalumu cha mwaka 2002 watunzi waliingiza habari kwamba Mwenyekiti amefariki kwa kula bunju. Ilikuwa njia yao ya kuifunga hadithi. Wamarekani nao wakaja na mwenyekiti wao, Mark Dacascos, wakamtambulisha kama mpwa wake. Aliyekufa ni mhusika wa hadithi. Takeshi Kaga mwenyewe aliendelea kuigiza.

Fuji Television ilijaribu kukifufua kipindi Oktoba 2012, na mwigizaji Hiroshi Tamaki akawa mwenyekiti. Kufikia Machi 2013 kilikuwa kimekwisha. Jiko lilikuwa la kisasa zaidi na picha zilikuwa safi zaidi. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni miaka. Wale wa kwanza tuliwaona wakishindwa, wakizeeka, wakirudi wiki inayofuata na kiungo kingine, hadi tukajua ni nani atakimbilia mafuta na ni nani atakimbilia mchuzi. Hilo halijengeki kwa miezi sita.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni asianze na fainali ya 1999, ile ambayo Sakai aliwashinda wenzake kisha akamshinda Alain Passard wa Paris, mwenye mgahawa wa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la kitabu hicho cha Kifaransa cha kupima migahawa. Aanze na pambano lolote la Michiba, kwa ajili ya brashi. Halafu mawili au matatu ya Chen, moja wapo liwe la kushindwa. Halafu New York na marudiano yake, yafuatane. Fainali aiweke mwisho, akiwa tayari ana mtu wake wa kumshangilia.